Barabara ya Ndani

Kizingo, Mombasa
9 Februari 2024

Kwa dadangu Fadhiya,

Assalaam aleikum warahmatullah. Sisi hatujambo, ila hatuna raha tangu walipokuhamishia gereza la huko Bara. Mama yuko vile vile Mji wa Kale, miguu yamsumbua, hashuki ngazi ila Ijumaa. Nilimtafutia msichana wa kumsaidia, akamfukuza siku ya pili. Asema mtoto wa watu alipika mbaazi bila kuchagua mawe. Mke wangu Raihana akusalimu sana. Wazazi wa watoto wa nasari yako wamegawana zamu za kuwashika watoto mpaka utakaporudi, kwa hivyo usihofu.

Sasa dada, nisikilize kama mtu mzima mwenzio. Hakimu alikupa njia mbili, faini au miezi tisa. Wale kina mama wengine walilipa, wakaenda majumbani mwao siku ile ile. Nimeuliza, faini yalipika hata leo. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwalimu, kulala na wezi kwa ajili ya ukuta wa barabara! Watu wananiuliza habari zako msikitini. Nipe ruhusa nilipe, nije nikuchukue kwa gari, yaishe.

Kuhusu yale ya mahakamani, si mambo ya kuandika kwenye barua ambayo askari wataisoma kabla yako. Tutazungumza ukitoka.

Jihadhari na baridi ya huko.

Nduguyo,
Abdulghafur


Gerezani, Bara
27 Februari 2024

Kwa Ghafuri mwana wa Bi Mwanakuu,

Waaleikum salaam. Mimi ni mzima. Nalala jirani na mama mmoja wa Kitui aitwaye Loise, aliyefungwa kwa kupika pombe, na kila jioni hunisuka nywele bila kuniuliza kama nataka. Chakula chaliwa. Mwambie Mama nasali kwa wakati, na mwambie msichana hakukosea, mbaazi za siku hizi zauzwa na mawe yake.

Salamu zimetosha.

Faini sitaki. Ukilipa bila ridhaa yangu, siku nitakayofunguliwa nitashuka Makupa na mkoba wangu, nichukue kiti, nikae pale pale waliponikamata.

Waandika “yale ya mahakamani”. Yapi? Una ulimi, yataje. Hakimu alikuuliza, “Mhandisi, katika mpango wa kwanza, palikuwa na kivuko mbele ya skuli hii?” Wewe ukanywa maji, ukapangusa mdomo, ukasema, “Hakikuwapo, Mheshimiwa.” Mimi niko kizimbani, sikuwa mbali nawe kuliko upana wa sebule ya Mama. Hukunitazama. Nalikubeba mgongoni kukupeleka chuo cha Kurani kwa kuwa ulikuwa waogopa mbuzi. Siku ile uliniogopa mimi.

Na kama askari watasoma, na wasome. Afande, nawe sikiza, huenda una mtoto.

Barabara yetu ya zamani ilikuwa moja. Upande huu nyumba za Majengo, upande ule nasari yangu na zahanati. Mtoto alisubiri gari lipite, akavuka. Kisha mkaja nyinyi mkaweka barabara ndani ya barabara. Ya ndani ya matrela ya bandarini na wanaokwenda Bara, wasisimame popote. Za nje, moja huku na moja kule, za tuktuk na za miguu yetu. Katikati kuta mbili za zege. Kutoka mlangoni kwa Kyalo mpaka mlangoni kwangu mtu aweza kuita na kuitikiwa, lakini kwenda ni lazima mtu apande mpaka raundabauti ya Makupa, azunguke, ateremke tena. Mama mwenye mtoto mgongoni. Mgonjwa wa zahanati. Kila siku, kwenda na kurudi.

Jael alikuwa na miaka sita. Babake, Kyalo, ni kibarua wa bandarini, mkewe ni Rosebella. Mtoto alikuwa akisema “mwalimu” kwa kuvuta, mpaka wenzake wakimcheka. Siku ile ilinyesha. Watoto wakubwa waliruka ukuta wa kwanza, naye akaruka. Nalimwona kutoka dirishani. Nalimwita. Nadhani alinisikia, maana aligeuka.

Sikuandikii mengine. Kanga niliyomfunika nayo wamenirudishia juzi na vitu vyangu vingine, imefuliwa.

Siku ya tatu baada ya mazishi nalichukua viti vya watoto, vile vyekundu vya plastiki, nikavipanga kwenye barabara yenu ya ndani, na kina mama wakavikalia. Trela zikasimama mpaka bandarini. Walipokuja polisi nalikuwa nafundisha irabu. Hilo ndilo kosa langu, na nitalifunga mpaka liishe.

Wewe kosa lako ni lipi?

Fadhiya


Kizingo
20 Aprili 2024

Dada Fadhiya,

Assalaam aleikum. Idd imepita salama. Mama alikataa kuja kwangu, akafanya kaimati zake peke yake na kuzigawa mtaani. Nilipofika alinipa sahani kama anavyompa jirani. Nilikaa, nikala, nikaondoka. Raihana ana kazi nyingi, yupo yupo tu.

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako niliitupa, nikaiokota, nikaitupa tena.

Unanitukana mbele ya askari jela. Sawa. Nimekuwa nikitukanwa mwaka mzima. Unajua ni watu wangapi wa Mji wa Kale waliowahi kukaa kwenye kiti changu katika kazi hii? Hakuna. Sisi huitwa kufungua mkutano kwa dua na kula biriani, kisha wanaamua wengine. Mimi nilisoma kwa taa ya chemli kwa sababu wewe mwenyewe ulinilazimisha, nikafika. Halafu dadangu, dadangu wa tumbo moja, anakaa kwenye kiti cha mtoto katikati ya barabara yangu, na picha yake inazunguka kwenye simu ya kila mtu ofisini. Mkubwa wangu aliniita akanionyesha. “Huyu ni nani yako?” Nikasema dadangu. Akacheka. Unajua kicheko kile kina maana gani?

Wewe unaona ukuta tu. Barabara mbili kuwekwa moja ndani ya nyingine si uchawi wangu. Ndivyo inavyofanywa kwingi, ili anayekwenda mbali asizuiwe na anayekwenda karibu. Zamani trela lilichukua nusu ya siku kutoka getini hadi kutoka kisiwani. Leo ni muda wa kunywa chai. Mombasa inakula kwa bandari hiyo. Na huyo Kyalo analipwa na bandari hiyo hiyo.

Kifo cha mtoto kimeniumiza. Usidhani sina moyo. Lakini mtoto aliruka ukuta, na dereva hakuwa na pa kukwepea. Na hata ningesema vingine mahakamani, ingebadilika nini? Mimi ningefukuzwa kazi, wewe ungefungwa vile vile, na kivuko kisingerudi.

Basi. Usinifundishe irabu mimi.

Abdulghafur


Gerezani
6 Mei 2024

Ghafuri,

Waaleikum salaam. Mkono wa Idd ulionitumia nimeupata, nimegawana na Loise. Mvua huku haikatiki, nguo hazikauki. Mama niombee radhi kwa kukosa kaimati zake.

“Kivuko kisingerudi.” Hayo ni maandishi yako, na wino wako wa buluu. Nimeyasoma mpaka Loise akaniuliza kama ni habari ya msiba. Kitu hakisemwi kurudi ila kiwe kilikuwapo.

Mimi nalijua siku zote. Nalikuwapo siku ile mlipokuja na hema kwenye uwanja wa Majengo. Raihana ndiye aliyeshika maikrofoni, kwa kuwa ofisi yenu ilimwajiri kuongea na wananchi, na sauti yake watu huipenda. Wewe ulisimama nyuma yake na kofia ya njano. Rosebella aliuliza, “Watoto wetu watavukia wapi?” Raihana akamwambia, “Mbele ya skuli, mama, patakuwa na uwazi na taa.” Ukatikisa kichwa kukubali. Sote tukapiga makofi, mimi kuliko wote, kwa kuwa ni ndugu yangu. Nikatengeneza na juisi.

Rosebella alisafiri kunitazama juma lililopita. Kyalo amefungua shauri, wakili kijana aitwaye Bramwel amelishika. Utaitwa. Barua yako Bramwel angeipenda sana. Sitampa. Iko chini ya godoro, na hapo itakaa. Nataka useme kwa kinywa chako, umesimama, na Kyalo akikutazama.

Wasema anayekwenda mbali asizuiwe na anayekwenda karibu. Ghafuri, wa karibu ni sisi. Mamako ni wa karibu.

Na mbona Raihana “yupo yupo tu”? Mwaka wa kumi na moja wa ndoa, ni mara ya kwanza kuniandikia habari zake kwa maneno matatu.

Fadhiya


Kizingo
15 Juni 2024

Fadhiya,

Salaam. Mama ni mzima. Huna haja ya kuuliza, una watu wa kukuletea habari.

Umefurahi? Niambie kama umefurahi.

Umemwandikia mke wangu. Usikane. Umemwonyesha barua yangu, au umempa huyo Rosebella ampelekee. Jumatatu nilikaa katika chumba cha mahakama nikingoja kuitwa, Raihana akiwa kando yangu, begi lake juu ya magoti. Wakili akasimama akasema shahidi wake wa pili ni Bi Raihana. Nilidhani ni Raihana mwingine. Wallahi, niligeuka nyuma kumtafuta.

Akasimama. Akasema yote. Hema, maikrofoni, uwazi na taa. Jaji akamuuliza, “Kivuko kiliondolewa lini?” Akajibu, “Baada ya wenye matrela kulalamika kwamba taa zitawasimamisha. Mume wangu alirudi nyumbani akaniambia nisikitaje tena.” Mume wangu! Aliyasema ya chumbani mbele ya makarani na waandishi wa habari. Wakili wetu akamuuliza kama tuna ugomvi wa nyumbani. Akasema, “Hatuna. Ni mume mwema kwangu.” Hilo lilinimaliza kuliko yote. Mimi sikuitwa siku ile.

Hakurudi Kizingo. Alipanda tuktuk kutoka mahakamani mpaka kwa Mama, na Mama akamfungulia. Mimi mwanawe nilipofika niligonga mpaka majirani wakatoka. Mama alizungumza nami dirishani, kutoka juu, kama mtu anayenunua samaki. “Mkeo amelala, mwanangu. Nenda ukapumzike.”

Ofisi wanataka kumwita tena kabla ya hukumu aulizwe upya. Mwandikie. Mwambie aseme alikosea, kwamba alichanganya mkutano huo na mwingine. Anakusikia wewe. Umeniharibia jina, umeniharibia kazi, niachie nyumba.

A.


Gerezani
2 Julai 2024

Abdulghafur,

Waaleikum salaam. Loise ametoka jana, ameniachia kitana chake.

Sikumwandikia Raihana hata neno. Barua zako zipo hapa, askari aliyezisoma ni shahidi. Mkeo ana macho. Miezi yote hiyo alikuwa akila nawe, akilala nawe, huku akikumbuka aliyomwambia mama wa yule mtoto kwa sauti yake mwenyewe, na hukumwona. Wataka kujua aliambiwa na nani? Hakuambiwa na mtu.

Sitamwandikia sasa. Aliyosema ni kweli, nawe wajua.

Nakukasirikia mpaka meno yaniuma. Mahakimu siwajui, wenye matrela siwajui, hao hawakunywa uji mkononi mwangu. Uwongo nalioupata kwa mtu wa nje ningeumeza. Wako haupiti.

Utaitwa tena kabla ya hukumu. Una nafasi moja. Natoka mwisho wa mwezi.

Fadhiya


Mji wa Kale, Mombasa
25 Agosti 2024

Kwa Abdulghafur,

Assalaam aleikum. Nimepewa anwani yako mpya na karani wa ofisi yenu, yasemekana wamekuhamishia barabara ya kaskazini, kwenye jua kali. Nambari yangu ya simu unayo, lakini simu sitaki, kwa kuwa kwenye simu wajua kukata. Mama hajambo. Siku niliyofika alinishika mashavu akanitazama, kisha akanituma mkate, kana kwamba nalitoka asubuhi. Raihana yuko nasi, chumba cha nyuma. Ofisi ilimwachisha kazi. Sasa anishikia watoto wa nasari na ana mkono nao.

Nalipotoka hukumu ilikuwa bado, kwa hivyo naliifuata mwenyewe mahakamani. Nalikaa safu ya mbele. Waliita jina lako mara mbili mlangoni, “Mhandisi Abdulghafur, Mhandisi Abdulghafur,” na kila mara Kyalo aligeuka. Alikuwa amevaa shati la Jumapili. Mara ya pili hakuna aliyejitokeza, akarudisha uso mbele, akaangalia mikono yake. Wakili wenu akasema umepelekwa kazini mbali. Nalijiambia pengine gari limeharibika njiani. Mimi! Baada ya yote hayo, bado nalikutafutia sababu.

Raihana aliulizwa maswali yale yale kwa ukali. Hakubadilisha neno. Jaji amesema ahadi ilitolewa, na iliondolewa bila kuwarudia waliopewa. Ameamuru ukuta ufunguliwe, ziwekwe taa na matuta.

Walikuja na mashine wiki jana. Mtaa mzima ulitoka. Zege lenu ni gumu, Ghafuri, kwa hilo nakusifu. Vumbi lake limefika mpaka juu ya madaftari. Leo asubuhi taa ziliwaka mara ya kwanza. Trela la kwanza lilisimama, dereva akapiga honi kwa hasira, na watoto wakavuka mbele yake wameshikana mikono, Raihana mbele, mimi nyuma. Nikamtazama yule dereva mpaka akaacha kupiga honi.

Rosebella alivuka nasi. Kyalo hakuvuka. Alisimama upande wa Majengo akatutazama, kisha akageuka, akaenda kuzunguka kwa Makupa, kwa miguu, kama alivyokuwa akifanya. Rosebella asema ameapa hatakanyaga pale. Jioni alipotoka kazini nalimwona akija kwa njia hiyo hiyo ndefu, na mkoba wake wa chakula begani. Nalitaka kumwita. Ningemwambia nini?

Kila aliyekuwa na la kufanya amelifanya. Limebaki lako.

Mama hajakukataza nyumba. Kila akisikia hatua ngazini huinua uso. Raihana hakutaji, wala haruhusu mtu akuseme vibaya mezani, hata mimi, na hilo laniudhi sana. Ni mimi niliyekukataza. Mlango huu nitausimamia mpaka uende kwanza kwa Kyalo. Si wakili wako, si barua, si gunia la mchele. Wewe, mchana, watu wakiona. Usimame mbele yake umwambie kivuko kilikuwapo na ukakiondoa, na mahakamani ukakikana. Akikupiga, upigwe. Akikufungia, urudi kesho yake.

Jael angekuwa darasa la kwanza.

Fadhiya


Kambini, barabara ya kaskazini
19 Novemba 2024

Dada,

Nimeomba likizo. Nitafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, inshallah.

Nyumba ya Kyalo ni ipi? Nilipima mtaa ule wote, nikauchora. Mlangoni kwake sijawahi kufika.

Ghafuri


Mji wa Kale
22 Novemba 2024

Ghafuri,

Uliza. Majengo yote wapajua.

Fadhiya